Faili la mfuatano: siku ya malipo linakimbia, akija mwanachama mpya linakwama

Kuna chama cha msingi cha kahawa kule Mbozi niliwahi kuwafanyia kazi ya kompyuta, jina lao naliacha, na siku ya kwanza tu nilifika nikaambiwa "kijana, CPU imegoma tangu jana". Mimi huyo, nimetoka Mwanjelwa, Mbeya mjini, na begi langu la laptopu, nikatoa bisibisi kabisa nikauliza iko wapi nianze nayo, wakanipeleka nje kwenye mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Kwao CPU si ya kompyuta, ni ule mtambo. Walicheka mpaka karani akafuta machozi, na nadhani ndo maana baadaye alikuwa na uvumilivu na mimi.

Huyo karani ndo alinifundisha kitu ambacho chuoni nilikikariri tu, mtihani ukapita nikasahau. Data ikishaandikwa kwenye diski inalala kwa mpangilio fulani, na huo mpangilio ndo unaamua swali gani litajibiwa fasta na lipi litakufanya uende kunywa chai urudi ulikute bado linazunguka. Ukitumia databesi, yaani programu ya kutunza data, au kanzidata kama wanavyoandika kwenye vitabu, mpangilio wenyewe huuoni, unaona jedwali limekaa vizuri basi unadhani ndani nako kuko hivyohivyo. Leo nachukua mpangilio mmoja, faili la mfuatano.

Kwanza kabisa elewa kwamba diski haisomi rekodi moja moja, yaani mstari wa mtu mmoja, inasoma bloku. Chukulia ni ukurasa wa kaunta buku, huwezi kufungua nusu mstari, ukifungua umefungua ukurasa wote na kila kilichomo. Bloku nyingi zina baiti 4,096, chukulia baiti moja ni kama herufi moja, PostgreSQL, databesi mojawapo, inatumia kurasa za kilobaiti 8, InnoDB ambayo ndo injini ya kawaida ya databesi nyingine, MySQL, inatumia kilobaiti 16. Kwa hiyo mtu akikwambia faili fulani ni la haraka muulize linafungua kurasa ngapi, maana ukurasa ukishafika kwenye memori kuupekua ni kufumba na kufumbua, mda wote unaliwa kwenye kuufuata.

Sasa twende kwenye mizani. Msimu ukichanganya wakulima wanakuja na pikipiki, na guta, wengine kahawa wamebeba kichwani, foleni inazunguka jengo, na karani anaandika risiti kwa jinsi watu wanavyofika: namba ya mwanachama, tarehe, kilo, daraja. Mwanachama 0512 anafuatiwa na 0033 anafuatiwa na 0790, hamna anayejali namba. Hilo kitaalamu ni lundo, rekodi mpya inatupwa mwisho pale penye nafasi basi. Kwa kuandika hakuna mpangilio unaoshinda lundo, unajua ukurasa wa mwisho uko wapi, unaandika, unaita anayefuata.

Jioni sasa, watu wakishaondoka, yule mama karani anawasha taa ya sola anakaa na zile risiti anazipanga kwa namba, 0001 juu, mpaka mwisho, halafu ndo anahamishia kwenye leja yake, kaunta buku kubwa ambalo kila mwanachama yupo kwenye nafasi yake kwa namba. Leja hiyo ndo faili la mfuatano. Rekodi zimepangwa kwa kitu kimoja kilichochaguliwa, tunakiita ufunguo, na hapa ufunguo ni namba ya uanachama. Nikamuuliza mama kwa nini unajichosha usiku si ungehamisha hivyohivyo zilivyo. Akasema "njoo ukae hapa nikuoneshe mwanangu".

Nikakaa. Kidole cha kushoto kwenye leja, cha kulia kwenye rundo la risiti zilizopangwa. Leja inasema 0041, risiti inasema 0041, anajumlisha anaandika. Risiti inayofuata 0044, leja ipo 0042, maana yake 0042 hajaleta kitu wiki hii, anamruka, 0043 anamruka, 0044 wamekutana, anajumlisha. Vidole vyote viwili vinakwenda mbele tu, hakuna kurudi nyuma hata mara moja, na akifika mwisho wa leja risiti nazo zimeisha. Kila ukurasa umefunguliwa mara moja. Wanachama wako kama mia nane hivi na ilimchukua mda ambao mimi na laptopu yangu nilikuwa bado natafuta soketi.

Hiyo kazi ya vidole viwili ndo injini ya zama nzima ya kompyuta. Mashine kama UNIVAC I, ile ya kwanza walipewa watu wa sensa wa Marekani mwaka 1951, zilikuwa zinatunza data kwenye tepu za sumaku, na tepu haina namna ya kuruka. Kama umri wako unaruhusu kumbuka kaseti, wimbo wa nne ukiutaka lazima upite wa kwanza wa pili na wa tatu, na ukitaka kuokoa betri unazungusha kwa kalamu ya bik. Sasa fikiria mishahara ya kampuni nzima iko kwenye kaseti. Walichofanya ni kilekile cha mama: tepu kuu imepangwa kwa namba ya mfanyakazi, mabadiliko ya wiki yanakusanywa pembeni yanapangwa kwa namba hiyohiyo, halafu mashine inasoma zote mbili kwa pamoja na kuandika tepu kuu mpya kwenye tepu ya tatu. Ile ya zamani haiguswi. Ikawa desturi wanatunza vizazi vitatu, babu, baba na mwana, mwana akiharibika unamrudia baba na mabadiliko yake unamtengeneza upya. Mimi nilikuja kuyakumbuka haya ya babu na baba nikiwa nimechelewa sana, nitasema.

Mwaka 1956 IBM wakatoa RAMAC, diski 50 zimepangwa kama sahani kwenye mhimili mmoja, jumla yake herufi kama milioni 5, yaani karibu na picha moja ya simu yako hiyo. Lakini mkono wa kusomea ungeweza kwenda moja kwa moja pale unapotaka. Hapo ndo mchezo ulibadilika, maana sasa unaweza kuuliza swali la mtu mmoja.

Na mtu mmoja ndo tatizo lenyewe. Mzee anakuja siku ya kawaida tu, si siku ya malipo, amevaa koti na kofia, anasema "mwanangu niangalizie kilo zangu zimefika ngapi". Tufanye mahesabu na faili kubwa ili tofauti ionekane. Rekodi milioni 1, kila moja baiti 100, bloku ya baiti 4,096 inabeba rekodi 40, kwa hiyo faili zima ni bloku 25,000. Kwenye lundo unamtafuta mzee kwa kuanza mwanzo, wastani utafungua bloku 12,500 ndo umpate, na kama hayupo utafungua zote 25,000 kuthibitisha kwamba hayupo. Kwenye faili lililopangwa unafungua katikati, namba yake ni kubwa kuliko hii, tupa nusu ya kwanza, fungua katikati ya iliyobaki, na kuendelea. Bloku 25,000 zinaisha kwa kukatwa nusu kama mara 15 tu. Ila hiyo inawezekana kwenye diski, kwenye tepu hata ikipangwa vizuri namna gani kukata nusu ni kupoteza mda kwenye kuzungusha.

Kwa diski ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo, wastani unasubiri nusu yake, ongeza mda wa mkono kuhama, kila ukurasa unaorukia unakugharimu kama milisekunde 12. Mara 15 ni milisekunde 180. Safi, mzee hajakaa hata chini.

Lakini geuza swali. Unataka wote milioni 1, na badala ya kusoma faili kwa mfululizo ukaenda kuruka kwa kila mmoja peke yake. Milisekunde 12 mara milioni 1 ni sekunde 12,000, masaa matatu na dakika ishirini, basi lililotoka Mbeya linakuwa limeshafika Makambako. Wakati faili lote ni kama megabaiti 100 na diski ileile ikisoma kwa mfululizo, mkono umetulia data inatiririka, inatoa hata megabaiti 150 kwa sekunde, umemaliza kabla hujasema moja. Diski moja, data moja. Watu wanaposema "kusoma faili zima ni uzembe" mimi huwa nauliza zima kwa ajili ya nani, maana kama unalipa wote basi kusoma zima ndo akili.

Haya, ubaya wake sasa. Mimi nilikuwa nimewatengenezea kiprogramu kidogo kinachotunza leja kwenye faili lililopangwa kwa namba, na nilijisifu sana kuhusu ile kukata nusu. Sikufikiria wanachama wapya. Chama kilikuwa kinawapa namba kwa kijiji, kijiji cha kwanza mpaka 0199, cha pili kuanzia 0200, kwa hiyo mwanachama mpya wa kijiji cha kwanza anaingia katikati ya faili. Kwenye kaunta buku hilo unalielewa haraka, ukurasa umejaa, huwezi kuchomeka mstari kati ya mistari, labda uandike pembeni kwa maandishi madogo kama sisimizi. Kwenye diski ni hivyohivyo, ili 0157 aingie kati lazima wote waliobaki nyuma yake wasogee nafasi moja. Kiprogramu changu kilikuwa kinasogeza kweli, yaani kinaandika faili upya, palepale juu ya lile la zamani. Ilikuwa inachukua sekunde tu, mimi sikuona shida.

Siku moja karani anaingiza mwanachama mpya, umeme ukakata. Laptopu ya pale betri ilishakufa zamani inaishi kwa waya. Faili likabaki nusu limeandikwa jipya nusu la zamani, mwanachama mmoja akatokea mara mbili na kuanzia mia nne kwenda mbele namba zikawa zimechanganyika na kilo za watu. Kilichotuokoa ni leja ya mama. Siku nne nimekaa pale tunaingiza upya na hakuna aliyenilaumu kwa mdomo, ila chai ilikuwa inaletwa bila sukari.

Wazee wa tepu wangenicheka, wao hawakuwa wanaandika mwana juu ya baba yake. Na hata ukiacha umeme, kusogeza faili zima kwa ajili ya mtu mmoja ni wazimu likishakuwa kubwa. Kwa hiyo dawa iliyozoeleka ni kutochomeka kabisa. Unatenga eneo la pembeni la ziada, rekodi mpya zinaingia huko kwa mtindo wa lundo, na rekodi iliyo jirani kwenye faili kuu inawekewa pointa, kama vile karani anavyoandika "angalia uk. wa mwisho". Anayefutwa naye haondolewi, anawekewa alama tu kwamba huyu hayupo, nafasi yake inabaki wazi. Wengine wanaacha nafasi tupu kwenye kila bloku tangu mwanzo ili wageni wapate pa kukaa. Halafu kila baada ya mda, usiku au mwisho wa wiki, unachukua faili kuu na lile la ziada, vidole viwili, unaandika faili jipya safi. Usipofanya hivyo pointa zinarefuka, hii inakupeleka huku, huku kunakupeleka kule, na faili linabaki la mfuatano kwa jina tu.

Na kuna njia inayoshinda hata kukata nusu, nayo ni indeksi, yaani orodha fupi ya kukuonesha mtu yuko bloku gani. Kwa sababu faili limepangwa huhitaji kuandika kila mtu kwenye indeksi, unaandika namba ya kwanza ya kila bloku tu. Bloku zetu 25,000 zinakuwa mistari 25,000, kila mstari baiti 16, bloku moja inabeba mistari 256, kwa hiyo indeksi nzima ni bloku 98. Juu yake weka indeksi ya indeksi, hiyo inatosha kwenye bloku moja. Mzee akija unafungua moja ya juu, moja ya kati, moja yake mwenyewe. Tatu. Kutoka 15. Huo mtindo wa faili la mfuatano lenye indeksi IBM waliutoa miaka ya 1960 kwa jina la ISAM na ulibeba mizigo mingi, ila ugonjwa wake ni uleule wa eneo la ziada, indeksi imekaa palepale ilipojengwa na wageni wanazidi kurundikana pembeni mpaka uje ulipange upya.

Waliotibu hilo ni Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, kampuni ya ndege, makala yao ikachapishwa 1972, wakaleta mti wa B, nao ni indeksi ya ngazi kwa ngazi kama ile ila inakua yenyewe. Kanuni yake ukiiona unashangaa kwa nini ilichelewa: bloku ikijaa, ipasue mbili, nusu kwa nusu, na mwambie aliye juu yako kwamba sasa tuko wawili. Naye akijaa anapasuka. Hakuna kusogeza faili zima, na hakuna pembeni panaporundikana. Aina inayotumika sana leo ni mti wa B plasi, rekodi au pointa zote ziko chini kwenye majani, na kila jani limeshikana mkono na jirani yake, kwa hiyo ukitaka mtu mmoja unashuka kutoka juu, ukitaka kuanzia 0200 mpaka 0399 unashuka mara moja kwa 0200 halafu unatembea pembeni. Kwa hiyo faili la mfuatano halikufa, limewekewa ngazi tu.

Ukicheki databesi za leo kila moja imechagua upande. InnoDB inaliweka jedwali lenyewe ndani ya mti kwa ufunguo mkuu, ndo maana ukichagua ufunguo wa UUID, zile namba ndefu za kubahatisha, unaumia, wageni wanaingia popote, bloku zinapasuka hovyo na nyingi zinabaki nusu tupu, wakati namba inayoongezeka mfululizo inajaza mwisho tu kwa utulivu. PostgreSQL wao jedwali ni lundo, indeksi ziko pembeni, na kuna amri ya CLUSTER inayolipanga jedwali kwa indeksi unayotaka, ila inapanga mara moja, kesho wakiingia wapya hawapangwi mpaka uiite tena. Na ukiiuliza kwa EXPLAIN, amri ya kukuonesha itasomaje, ukaona imeandika Seq Scan, yaani nasoma jedwali zima mfululizo, usikimbilie kulalamika, pengine imeshapiga hesabu ya basi la Makambako ikaona kwa watu wengi hivi bora isome mfululizo. SSD, diski zisizozunguka, zimepunguza pengo kwa sababu hakuna mkono unaohama, ila mfululizo bado unashinda.

Hili lundo la PostgreSQL lilinitia aibu baadaye kwenye chama kilekile, nilipowahamishia huko baada ya lile balaa. Orodha ya wanachama kwenye skrini niliisoma bila ORDER BY, maneno ya kuiomba databesi ipange majibu, ikawa inatoka imepangwa vizuri kwa namba miezi kadhaa kwa sababu niliiingiza hivyo. Siku karani amerekebisha namba ya simu ya mzee mmoja, mzee akatoweka kwenye nafasi yake akatokea chini kabisa ya orodha. PostgreSQL ukibadilisha rekodi inaandika toleo jipya sehemu nyingine, na mimi sikuwa nimeomba mpangilio wowote kwa hiyo haikunidai chochote. Mweka hazina akasema mzee amefutwa uanachama, wakapigiana simu, mimi nipo Mbeya nakula ndizi sina habari.

Limebaki moja, na hili huwa linasahaulika. Faili linapangwa kwa ufunguo mmoja tu. Leja ikipangwa kwa namba ya uanachama, anayekuja bila kadi anajua namba yake ya simu tu, kwake yeye leja ni lundo, utafungua ukurasa mmoja mmoja. Nikamwambia mama tunahitaji indeksi ya pili, nikaanza kumchorea mti. Akavuta droo akatoa kidaftari cha shule chenye jalada la karatasi za gazeti, ndani namba za simu zimepangwa kuanzia ndogo, mbele ya kila moja namba ya uanachama. Wote mia nane wako mle, kila mmoja na mstari wake, na inabidi iwe hivyo maana leja haikupangwa kwa simu, huwezi kuandika mmoja kwa ukurasa ukategemea wengine wamkae jirani. Na mtu akibadilisha laini anafuta huku na anafuta kwenye leja, mara mbili kila mara. Nikapata moto nikashauri tuweke na cha tatu, cha vijiji. Akaniangalia, akarudisha kidaftari kwenye droo, akaita anayefuata.